Umemeza Nini Kingine?

Kijana aliyeacha unga akirudi nyumbani Kilosa, ukoo mzima unamchunguza. Wanamtazama mikono kama ina alama mpya za sindano, wanahesabu sufuria jikoni, akikawia chooni mtu anagonga mlango. Lakini akirudi kutoka duka la dawa na kibahasha chenye vidonge vya maumivu na vidonge vya usingizi, hakuna anayeshtuka. Ni dawa, zimetoka dukani, hazikutoka maskani. Wapo hata wanaofurahi kwamba siku hizi anajijali.

Nasaha yangu leo ni juu ya kibahasha hicho.

Ninachokiamini nakisema mapema. Vidonge vikali vya maumivu vya jamii ya afyuni, yaani tramadoli, kodeini, morfini na wenzao, vikikutana mwilini na vidonge vya kutuliza wasiwasi kama diazepamu, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Valium, vinaweza kuzima pumzi ya mtu akiwa amelala. Kwa aliye katika safari ya kuacha dawa za kulevya hatari hiyo ni kubwa kuliko kwa mtu mwingine. Na siri ndiyo inayovikutanisha vidonge hivyo: aliyetoa cha kwanza hakuambiwa habari za mgonjwa, na aliyetoa cha pili hakuuliza.

Sisemi haya kwa sababu Kilosa ni mbaya kuliko kwingine. Nayasema kwa sababu Kilosa ni wilaya ya njia. Reli ya kati inapita mjini Kilosa tangu enzi za wakoloni, na sasa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma inakatiza humu humu. Mikumi nayo ni mji wa barabara kuu. Malori ya Mbeya, Tunduma, Zambia na Kongo yanatoka mbugani, yanapunguza mwendo, na madereva na tandiboi wao wanashuka kula na kulala. Ukishika njia ya Kidodi na Ruembe unaingia kwenye miwa ya sukari, ambako mtu anainama na panga tangu alfajiri mpaka mgongo unakataa kunyooka. Vijana wetu wanakwenda Dar na kurudi. Wengine wanarudi na biashara, wengine na elimu, wengine na uraibu. Na wapo wanaorudi wameushinda uraibu, ambao ndio hasa ninaowaandikia leo.

Watu hawa wana maumivu ya kweli. Bodaboda imemwangusha, gunia limemvunja kiuno, jino limeoza kwa sababu miaka ya unga haikumpa nafasi ya kulitibu. Wana wasiwasi wa kweli pia. Arosto ile kali, ya tumbo kukata, kamasi kutiririka na mifupa kuuma, huisha ndani ya wiki moja au mbili. Kinachobaki ni kukosa usingizi, moyo kwenda mbio bila sababu na hofu inayomkaba mtu saa nane za usiku, na hayo yanaweza kuendelea kwa miezi. Anayemwambia mtu huyo "jikaze, wewe si mtoto wa kiume?" hajui anazungumza na nini. Kutafuta nafuu si dhambi, na kwenda duka la dawa si kurudi kwenye unga. Shida inaanza pale nafuu inapotafutwa kwa kificho.

Tumchukue kijana mmoja. Si mtu fulani ninayemjua, nimemchora kutokana na hali ya wengi. Alikuwa tandiboi wa lori, akanasa kwenye heroini Dar es Salaam, familia ikachanga akapelekwa kwenye nyumba ya upataji nafuu, akakaa huko miezi kadhaa, akatoka mzima. Sasa yuko kwao, upande wa Kidodi, anaendesha pikipiki ya mjomba wake. Jioni moja anateleza kwenye matope, goti na mbavu vinaumia. Hospitali wanampiga picha, hakuna mfupa uliovunjika, daktari anauliza kama kuna dawa yoyote anayotumia au aliyowahi kutumia. Mama yake amesimama pale. Shangazi yupo. Jirani aliyewaleta naye yupo. Kijana anasema hapana.

Anaandikiwa tramadoli.

Siku ya tatu maumivu yamepungua lakini usingizi hauji. Anapita duka la dawa karibu na stendi.

"Dada, habari za kazi? Nipe zile za usingizi. Silali kabisa."

"Pole, kaka. Unataka ngapi?"

"Hata tano."

Dada anachukua mkasi, anakata kipande cha pakiti, anatia vidonge kwenye kibahasha cha karatasi, anaandika juu yake 1 x 1 usiku. Hakuuliza cheti cha daktari, wala kama anameza kitu kingine. Mazungumzo yamekwisha kabla kijana hajapokea chenji.

Usiku anameza tramadoli mbili badala ya moja, kwa sababu mwili wake unakumbuka kwamba mbili ni bora, na juu yake anaweka diazepamu mbili. Saa sita mama yake anapita mlangoni anasikia mkoromo mzito. Anamshukuru Mungu. Tangu mwanawe arudi hajamsikia akilala namna ile. Anauvuta mlango taratibu asije akamwamsha.

Mama yangu unayesoma haya, ungefanya hivyo hivyo. Mimi pia ningefanya hivyo hivyo, kama nisingejua nitakayoyaeleza sasa.

Kuna sehemu kwenye shina la ubongo inayoendesha upumuaji wetu bila sisi kufikiri. Hewa chafu ikijaa katika damu, sehemu hiyo inaongeza kasi ya kupumua, na ikizidi sana tunashtuka na kuamka. Dawa za jamii ya afyuni zinaifanya sehemu hiyo iwe nzito ya kusikia, pumzi zinapungua na kuwa fupi. Diazepamu na ndugu zake zinakuja kwa njia nyingine. Zinaipa nguvu ile kemikali ya ubongo inayotuliza neva, misuli inalegea pamoja na ya koo na ulimi, usingizi unazama. Hapo ile ya kwanza imepunguza kupumua na ya pili imezuia kushtuka. Mkoromo mzito wa mtu asiyeamshika, unaokatika kisha ukarudi, ni sauti ya njia ya hewa inayojifunga. Huo si usingizi wa kupumzika. Midomo ikianza kuwa ya buluu au kijivu, kucha nazo zikapauka, muda uliobaki ni mfupi.

Na mtu aliyekaa miezi bila unga yuko hatarini kuliko alivyokuwa zamani, jambo ambalo wengi hawalitegemei. Alipokuwa mraibu mwili wake ulikuwa umezoea, akivumilia kiasi ambacho kingeniua mimi au wewe. Akiacha, uzoefu ule unaondoka ndani ya wiki chache. Akili inakumbuka dozi ya zamani, mwili umeshaisahau. Nyumba za upataji nafuu, kama zile zilizoanza Unguja mwaka 2009 zikasambaa hadi bara, zinamfundisha mtu kuacha kila kilevi, na ni kazi njema iliyookoa wengi. Lakini anayetoka humo anatoka na mwili mpya kabisa mbele ya dawa hizi. Kiasi alichokuwa akikiona cha mzaha mwaka jana, leo kinatosha kumlaza asiamke.

Mnamo Agosti 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza onyo zito kuliko yote iliyo nayo liwekwe kwenye dawa karibu 400 za makundi haya mawili, likieleza kwamba kuzitumia pamoja kunaweza kuleta usingizi wa kupindukia, kushindwa kupumua na kifo. Onyo hilo halikutokana na nadharia. Januari 2008 mwigizaji Heath Ledger alikutwa amekufa New York akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulikuta mwilini mwake dawa sita: mbili za maumivu za jamii ya afyuni, tatu za kundi la diazepamu, na moja ya mzio inayoleta usingizi. Hakukuwa na unga wa mtaani hata chembe. Zote ni dawa zinazopatikana hospitali na famasi, na waliochunguza walisema kifo kile kilikuwa ajali. Mtu tajiri, katika mji wenye madaktari kila kona, aliuawa na mchanganyiko ambao huku kwetu unauzwa kwa mkasi na kibahasha.

Nisieleweke vibaya. Diazepamu, iliyoingia sokoni kwa jina la Valium mwaka 1963, inaokoa mtoto wa kifafa na mgonjwa wa pepopunda. Tramadoli, iliyotengenezwa Ujerumani na kuanza kuuzwa 1977, inamsaidia aliyefanyiwa upasuaji. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inaziita dawa za namna hii dawa tiba zenye asili ya kulevya, na jina hilo limebeba pande zake zote mbili. Ni tiba, na zinalevya. Anayezikataa zote kwa hasira anakosea sawa na anayezimeza zote kwa pupa.

Sasa niseme na wewe, mdogo wangu, uliyeacha unga.

Kama uko kwenye methadoni, sikiliza kwa makini zaidi. Dawa hiyo ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, leo ipo katika mikoa kadhaa, na imewarudisha wengi kwenye familia zao. Lakini methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni, na inakaa mwilini muda mrefu. Dozi ya leo inapoingia, ya jana haijaisha. Ndiyo maana wiki mbili za mwanzo zina hatari kubwa na wauguzi wanakupandisha kidogo kidogo, hawakunyimi kwa roho mbaya. Diazepamu nayo inachukua siku nyingi kutoka. Kwa hiyo usijidanganye kwamba Valium uliyomeza juzi usiku haihusiani na dozi unayokunywa asubuhi hii mbele ya muuguzi. Zinakutana. Ukiongeza gongo au bia juu yake, umeongeza kitu cha tatu kinachofanya kazi ile ile.

Najua kwa nini wengine wanaongeza Valium kwa siri. Wanasema methadoni haishiki. Wakati mwingine wanasema kweli, na sababu yake ni kitu ambacho hawakuambiwa vizuri. Ukianza dawa za kifua kikuu, ile iitwayo rifampisini inalifanya ini lisage methadoni haraka kuliko kawaida. Baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi, kama efavirenzi, zinafanya hivyo pia. Ndani ya siku chache arosto inarudi, jasho linakutoka, hulali, na wewe unaamini kliniki wamekupunguzia dozi kimya kimya. Unakwenda kununua vidonge vya kuziba pengo. Laiti ungesema! Dozi inapandishwa tu, kwa utaratibu, na inaposhushwa baada ya tiba ya TB kwisha inashushwa kwa utaratibu vile vile. Usiposema, TB ikiisha ini linarudi kwenye mwendo wake, methadoni inajaa mwilini, na Valium yako ya siri bado ipo. Hapo unaweza kufa ukiwa umefanya bidii ya kutibiwa magonjwa yako yote.

Na kama tayari umekuwa ukimeza diazepamu kila siku kwa wiki au miezi, usiitupe leo kwa sababu umesoma makala hii. Nakuomba sana. Mwili uliozoea dawa hiyo ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege hata kama hujawahi kuugua kifafa. Inapunguzwa pole pole, kwa kipimo cha daktari, pengine kwa wiki nyingi. Tramadoli ikizidi dozi nayo inaweza kuleta degedege. Mambo haya si ya kujaribu peke yako chumbani.

Una haki ya kutibiwa maumivu. Usikubali mtu akuambie kwamba kwa kuwa ulikuwa teja basi uvumilie mguu uliovunjika. Maumivu yasiyotibiwa yanamrudisha mtu maskani haraka kuliko ushawishi wa rafiki. Kwa maumivu mengi ya kawaida parasetamoli inatosha, mradi mtu mzima asizidishe vidonge nane vya miligramu 500 kwa siku nzima, na apunguze zaidi kama ini lake lina matatizo, maana homa ya ini imewapata wengi waliojidunga. Ibuprofeni na diklofenaki zinasaidia pia, baada ya kula, kwa asiye na vidonda vya tumbo wala matatizo ya figo. Maumivu yakiwa makubwa kuliko hapo, na ukawa unakunywa methadoni, ile dozi yako ya kila siku haihesabiki kuwa dawa ya maumivu. Daktari anatakiwa kupanga kitu cha ziada akijua unachokunywa. Nasisitiza: akijua.

Basi sema. Kama chumba kimejaa ndugu, mwambie daktari, "Naomba tuzungumze wawili." Maneno hayo matatu hayamvunjii mtu heshima. Kama ulimi ni mzito, andika kwenye karatasi: nilikuwa natumia heroini, niliacha mwezi fulani, nakunywa methadoni, nimemeza Valium jana. Mpe. Hilo ni jambo la ujasiri kuliko kuacha unga wenyewe, nami nalijua hivyo kwa sababu katika kuacha unga uliungwa mkono na watu, lakini hapa unasimama peke yako mbele ya mgeni aliyevaa koti jeupe.

Dada yangu wa duka la dawa, na wewe kaka, nimekuja kwako kwa heshima. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza Ruvuma mwaka 2003, na Morogoro ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuufuata, ili mtu wa Ulaya, Zombo au Malolo asitembee mchana kutwa kutafuta kidonge. Ni heshima kubwa mliyopewa. Jirani anakuamini kuliko anavyomwamini daktari asiyemjua jina. Ndiyo maana kibahasha chako kina uzito. Tramadoli na diazepamu hazitolewi bila cheti, na unalijua hilo. Unajua pia kwamba ukikataa, mteja atavuka barabara, na mwenye duka atakuuliza kwa nini mauzo ya leo ni madogo. Hata hivyo kataa. Kataa kwa upole, huku ukimtazama kama mtu. Kisha umuulize swali ambalo halikugharimu chochote: umemeza nini kingine? Pengine ni mara ya kwanza mtu kumuuliza bila ukali. Anaweza kukueleza yote hapo hapo dirishani, nawe ukamwelekeza kwenye hospitali ya wilaya au Mtakatifu Kizito pale Mikumi. Shilingi elfu mbili utaipata kesho kwa njia nyingine.

Kwa wauguzi na waganga wetu nina neno moja. Mgonjwa akikuambia alikuwa mraibu, uso wako ndio utakaoamua kama atamwambia mwenzako kesho. Nimesikia wagonjwa wakisimulia jinsi walivyoitwa mateja mbele ya foleni. Mtu akitendewa hivyo mara moja, hasemi tena maisha yake yote. Na mtu anayekunywa methadoni akikutwa na diazepamu, asifukuzwe kliniki kwa adhabu. Wale wale wa Marekani waliotoa onyo la 2016, Septemba 2017 walirudi kusema kwamba mgonjwa wa namna hiyo asinyimwe methadoni kwa sababu tu anatumia vidonge vya wasiwasi, kwa kuwa kumrudisha kwenye unga ni hatari kubwa zaidi. Afuatiliwe kwa karibu, apunguziwe vidonge taratibu, na wasiwasi wake utibiwe kama ugonjwa, kwa ushauri nasaha na kwa dawa zisizozima pumzi.

Mapadri, wachungaji na masheikh, ninyi mna nafasi ambayo hospitali haina. Watu wanakuja kwenu na aibu zao. Ombeni nao, wasomeeni, lakini tafadhali msimwambie mtu kwenye ibada atupe dawa zake zote siku hiyo hiyo ili kuthibitisha imani. Nimeshaeleza kinachoweza kumpata.

Tunabaki sisi wa nyumbani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na tunaupenda msemo huo kwa sababu unamlaumu mgonjwa peke yake. Mimi namuuliza msomaji: huyo mficha maradhi alijifunza wapi kuficha? Alijifunza siku alipokiri kwamba ametamani kurudia, na kaka yake akalisema hilo kwenye kikao cha harusi. Alijifunza siku simu ya shangazi ilipopotea, akashukiwa yeye kabla hata haijatafutwa chini ya mto. Alijifunza mahali tunapomwita kwa jina lake la zamani la kijiweni, tukicheka kwamba ni utani. Nyumba inayoadhibu ukweli italetewa uongo, hata kama kila jioni mnasali pamoja.

Kwa hiyo, kama una ndugu aliyeacha unga, kubalianeni mapema, siku ya amani, kabla hajaumia wala kuugua. Atakapoandikiwa dawa kali, mmoja wenu anayemwamini azitunze, ampe kidonge kwa wakati wake, bila hotuba. Zinazobaki zirudishwe hospitali, zisikae kabatini zikingoja usiku mbaya. Na kila mtu humo ndani ajue la kufanya akimkuta anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida. Mwite jina kwa sauti. Msugue kifuani kwa nguvu kwa vifundo vya ngumi. Asipoamka, mlaze ubavu, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo nyuma ili hewa ipite, na tafuteni usafiri hapo hapo. Kama hapumui, mbaneni pua, mpulizieni hewa mdomoni, pumzi moja kila baada ya sekunde tano, msikome njiani. Msimnyweshe maziwa, atapaliwa. Msimmwagie maji mkidhani atazinduka. Msimwache eti alale dawa zipungue. Hospitali ipo dawa iitwayo naloksoni inayozuia nguvu ya afyuni, lakini haigusi diazepamu, na nguvu yake inaisha mapema kuliko ya methadoni, kwa hiyo hata akifumbua macho na kuanza kuzungumza, abaki chini ya uangalizi. Chukueni na vibahasha vyote mlivyovikuta chumbani, hata vitupu. Daktari akiuliza amemeza nini, semeni yote. Hakuna ndugu aliyezikwa kwa sababu siri yake ilijulikana kwa daktari.

Usiku wa leo, kabla hamjazima taa, mkalie karibu huyo mdogo wako au mwanao na umuulize anameza nini siku hizi. Akikujibu kweli, usipaaze sauti, usimwite baba yake, usilie mbele yake. Mshukuru kwa kukuambia, kisha kesho asubuhi mwende wote wawili hospitali. Na kama hujui pa kuanzia, namba ya simu ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119, na haitozwi hata senti.